Mwalimu Isdori na Daftari Lisilo na Majibu

Baba Paroko, wazee wa ukoo wetu, majirani wa Kasense hapa Sumbawanga, walimu, na ninyi mliokuja kwa baiskeli na kwa miguu kutoka Kaengesa na Mpui huku upepo huu wa Agosti ukiwapiga usoni, nawasalimu kwa niaba ya mjane na watoto. Mimi ni Adolfu Sikalumba, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Jana niliandika karatasi moja laini, yenye maneno matamu kama yale yanayosomwa katika kila msiba, nikamsomea shemeji yangu Kristiana, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Shemeji, huyo uliyemwandika humo mimi simjui." Nikaichana. Hii ninayoisoma ni ya pili, na baadhi yenu hamtaipenda, kama ambavyo mimi mwenyewe siipendi pale jina langu linapoingia.

Mwalimu Isdori Sikalumba alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 hapo Kaengesa, akiwa mtoto wa pili katika watoto sita wa mzee wetu Felisiani Sikalumba, mkulima wa ulezi na mahindi, na mama yetu Bertila, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki, na alibatizwa katika majuma mawili ya kwanza ya uhai wake, kwa kuwa alizaliwa mdogo sana na bibi zetu hawakutegemea kuwa angeiona Pasaka.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1955 katika shule iliyokuwa jirani na nyumbani, akamaliza darasa la nane mwaka 1962, na katika miaka hiyo alichapwa viboko vingi, si kwa utundu wala kwa uchelewaji, bali kwa sababu kila alipoambiwa jambo aliuliza kwa nini. Jumamosi alikuwa anakwenda kumsaidia Bruda Yohanes, fundi seremala wa misheni, mzee mkimya mwenye vidole vinane, na ni huyo aliyempa kaka yangu ugonjwa aliokaa nao maisha yake yote. Siku moja walikuwa wanatengeneza viti vya miguu mitatu vya kukamulia ng'ombe, Isdori akauliza kwa nini kiti cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu yenye mabonde, wakati cha miguu minne kinayumba, na Bruda akamjibu, "Nikikuambia utaondoka na jibu langu. Kaa hapo mpaka upate la kwako." Alikaa Jumamosi mbili. Ya tatu alirudi nyumbani anakimbia, akamshika mama mikono iliyojaa unga, akamweleza habari za miguu ya kiti, na mama, ambaye hakuwa na haja yoyote na habari hizo, alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka 1964 alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu Desemba 1965, na kuanzia Januari 1966 alifundisha katika shule sita za msingi za mkoa huu, nyingine za bondeni na nyingine za uwandani, kila mahali akiacha jina la mwalimu asiyeshika fimbo.

Tarehe 18 Septemba 1971 alifunga ndoa takatifu na Kristiana katika kanisa la Kaengesa, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jenifer aliyezaliwa mwaka 1972, Felisian wa mwaka 1975, na Rhoda wa mwaka 1979, na wajukuu wanne. Naomba msidhani kwamba ilikuwa rahisi kuishi naye. Alikuwa mtu wa kuchosha, shemeji ameniruhusu niseme hivyo, kwani mtoto akimuuliza ufunguo wa ghala uko wapi hakujibu kama baba wengine, alisema, "Jana nani alitoka ghalani mwisho, na alikuwa amebeba nini?" na mboga zilikuwa zikipoa mezani wakati Rhoda analia machozi huku anafikiri. Lakini Rhoda huyohuyo, alipokuwa na miaka kumi, alimwambia mfanyabiashara wa soda kwamba hesabu ya chupa aliyoitaja haiwezi kuwa kweli hata kidogo, kwa kuwa kreti zake zote zilikuwa zimejaa, kila moja ina matundu ishirini na nne, na namba yake haikugawanyika kwa ishirini na nne, na yule bwana akaomba radhi mbele ya watu.

Mwezi Januari 1986 alihamishiwa shule ya msingi ya Lwambi, njia ya kwenda Mpui, na huko ndiko yalikotokea mambo ambayo yananilazimu kusoma karatasi hii kwa sauti ya namna hii. Lwambi ilikuwa shule ya madarasa matatu na nusu, hiyo nusu ikiwa imeezuliwa na upepo, na kwa miaka mingi ilikuwa inatoa mwanafunzi mmoja tu wa sekondari ya serikali, tena si kila mwaka. Kaka yangu alifika akaanzisha jambo moja dogo. Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, aliandika chemshabongo moja ubaoni, akawaacha watoto kwa dakika ishirini, hakuna fimbo, hakuna zawadi, na hakuna jibu. Aliyekuwa na wazo alisimama akaeleza njia aliyopita, na kama amekosea, hakuambiwa amekosea, aliulizwa swali jingine mpaka akaliona kosa lake mwenyewe. Chemshabongo hizo alizitunga yeye, akaziandika katika daftari kubwa lenye jalada jeusi, na katika daftari hilo hamkuwa na jibu hata moja.

Nitawaeleza moja, maana ndiyo iliyokuja kutuumiza. Kuna magunia matatu yaliyoshonwa, moja lina mahindi matupu, jingine ulezi mtupu, la tatu mchanganyiko, na kila gunia lina kibandiko, lakini mwizi amevibadilisha vibandiko hivyo ili vyote viwe vya uongo. Unaruhusiwa kutoboa gunia moja tu na kutoa punje moja tu, kisha useme kila gunia lina nini. Darasa la tano la mwaka 1991 lilikaa na magunia hayo siku nne, na aliyesimama siku ya nne alikuwa Kija, binti wa mzee Lutonja, mfugaji aliyefika uwandani na ng'ombe wake mwaka 1985 akitokea kaskazini, msichana mrefu aliyekuwa anakaa nyuma kabisa kwa sababu wenzake walisema ananuka samli. Kija alisema, "Shikamoo mwalimu. Mimi natoboa lililoandikwa mchanganyiko, kwa sababu limeandikwa uongo, kwa hiyo halina mchanganyiko, punje nitakayoitoa itanieleza lote. Ikitoka mahindi, basi hilo ni la mahindi. Lililoandikwa ulezi haliwezi kuwa ulezi, na mahindi tumeshayapata, basi ndilo mchanganyiko. Linalobaki ni ulezi." Kaka yangu hakumsifu, alimuuliza, "Na ikitoka ulezi?" Kija akaeleza tena, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyesema tena habari za samli.

Septemba 1993 darasa hilo lilifanya mtihani wa kumaliza darasa la saba, na matokeo yalipotoka Desemba, watoto tisa wa Lwambi walikuwa wamechaguliwa kwenda sekondari, Kija akiwa wa kwanza katika tarafa nzima. Pale Lwambi watu walicheza ngoma, mzee Lutonja alichinja dume, wenyeji na wafugaji wakala sahani moja, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana. Furaha hiyo ilidumu majuma matatu.

Maana kulikuwa na watu ambao walitazama majina ya watoto hao, wakatazama na majina ya watoto wao wenyewe ambao hawakuchaguliwa, wakaona kwamba jambo hilo haliwezekani, watoto wa wachungaji na wa wapika pombe kuwapita watoto wa mjini, na kwa kuwa haliwezekani, basi lazima mtihani ulivuja. Hayo ndiyo mawazo yao yote. Hawakutaka ushahidi, walitaka mtu. Ikaundwa kamati ya watu wanne, na Mwalimu Eustace, aliyekuwa mwalimu mkuu wa Lwambi, ambaye yuko hapa nasi akiwa amevaa suti, aliitwa akaulizwa, na kwa kuogopa kuulizwa zaidi, akaandika kwa mkono wake kwamba alimwona Isdori akifungua bahasha ya mtihani kabla ya siku yake. Walimu wengine watano walitia saini chini ya maneno hayo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeiona bahasha hiyo, na wote walikuwa wamekula nyama ya lile dume.

Alhamisi, tarehe 10 Februari 1994, kamati ilifika Lwambi na gari. Wale watoto tisa, ambao wenzao walikuwa wameshaanza kidato cha kwanza mwezi mzima, waliitwa kutoka majumbani wakakalishwa katika darasa lile la nusu. Kaka yangu alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba watoto wapewe maswali mapya, yoyote ambayo kamati itayataka, mbele ya wazazi. Wakapewa kumi. Watoto walijibu maswali tisa kati ya hayo, na kila mmoja alieleza njia yake, na wazazi waliosimama madirishani walianza kunong'ona kwa furaha, lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa anatazama saa. Walipomaliza alisema, "Wamekaririshwa hawa." Mzee Lutonja akauliza kutoka dirishani, "Wamekaririshwa maswali uliyoyatunga leo asubuhi, mheshimiwa?"

Ndipo Kija aliponyoosha mkono. Alikuwa amesimama karibu na meza ya kamati, na watoto wa Lwambi, kwa kuwa walikuwa watatu kwa kitabu kimoja miaka yote, wanajua kusoma maandishi yaliyogeuzwa juu chini. Alisema kwa heshima zote, "Samahani mheshimiwa, ubaoni imeandikwa leo ni tarehe kumi. Hiyo taarifa yako hapo imepigwa chapa tarehe nane, na mstari wa mwisho unasema kamati imejiridhisha kwamba watoto hawana uwezo. Kama mliridhika juzi, leo mmekuja kutazama nini?"

Mwenyekiti aliifunika karatasi kwa kofia yake. Katika watu wazima waliokuwa ndani ya chumba kile, walimu sita wa saini zile na wajumbe wanne, hakuna aliyemtetea mtoto, ila mjumbe mmoja alicheka, cheko la pua, kisha akasema, "Mtoto mwenyewe hana adabu, mnaona wanavyofundishwa," na wakainuka, wakapanda gari.

Waombolezaji, taarifa ile ya tarehe nane niliipiga chapa mimi. Nilikuwa karani katika ofisi ambayo sitaitaja, nilipewa rasimu yake iliyoandikwa kwa mkono Jumanne asubuhi, nikaona jina la kaka yangu katika mstari wa pili, na nikaendelea kupiga. Nilipiga nakala tano. Nilijua kamati haijakwenda. Ilikuwa miaka ya watu kupunguzwa kazini, kila mwezi tulikuwa tunasikia orodha mpya, nami nilijiambia kwamba nikikataa watapata karani mwingine, na taarifa itakuwa ileile, ila mimi sitakuwa na kazi. Nimelipima wazo hilo kwa miaka mitano na nusu, kila sehemu yake ni kweli na lote kwa pamoja ni uchafu. Jioni ile nilikwenda kwake nikala ugali kwenye sahani yake, nikanawa, nikaaga.

Matokeo ya watoto tisa yalifutwa. Nafasi zao hazikukaa wazi, zilijazwa ndani ya juma moja, na waliozijaza wana majina ambayo mjini hapa tunayajua sote. Kaka yangu hakufukuzwa, maana kumfukuza kungetaka kesi, na kesi ingetaka ushahidi, alihamishwa tu, mwezi Machi 1994, akapelekwa shule ya mwisho kabisa kule chini kwenye ziwa, ambako shemeji alikaa naye miezi minane akashindwa na homa, akarudi Kasense na watoto. Juni 1996 jina lake lilitoka katika orodha ya waliopunguzwa, baada ya miaka thelathini na miezi mitano ya kazi, kwa barua yenye mistari minne. Naye Kija, mwaka 1995 aliozeshwa. Baba yake aliniambia mwenyewe, pasipo hasira, "Nilimpeleka shule mkasema hana uwezo. Nimempeleka kwa mume, mnasema mimi mshamba."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilimuumiza zaidi ya uhamisho. Miaka ileile ya soko huria, kila kitu kilipogeuka kuwa bidhaa, Mwalimu Eustace aliacha kazi ya serikali akafungua kituo cha tuisheni pale mjini, na hakuna ubaya katika hilo, mtu ana haki ya kutafuta. Lakini daftari jeusi lilikuwa limebaki katika kabati la shule ya Lwambi siku kaka yangu alipohamishwa kwa haraka, na mwaka 1995 likatoka sokoni kijitabu cha kurasa arobaini, chenye picha ya ubongo juu yake, kikisema kwamba kinanoa akili na kuhakikisha ushindi. Ndani yake mlikuwa na chemshabongo za Isdori Sikalumba, neno kwa neno, na nyuma yake majibu. Majibu hayo aliyatunga Mwalimu Eustace, kwa kuwa hayakuwamo daftarini, na mengine hayakuwa sahihi. Yaani mtu aliyeapa kwamba chemshabongo hizi haziwezi kumfundisha mtoto, kwamba ilikuwa lazima wizi, ndiye aliyezigeuza mtaji wake.

Kaka yangu hakuamini mpaka aone. Jumatano moja ya Oktoba 1996 tulikwenda wote wawili. Kituo kilikuwa chumba kirefu chenye bati, watoto kama themanini wamebanana kwenye mabenchi, na kijana mmoja mwenye rula alikuwa anawasomesha kwa kwaya, yeye anataja namba ya swali, wao wanapiga kelele jibu. Sikukosea kusema namba. Swali lenyewe hakulisoma. "Kumi na mbili!" na themanini wanajibu, "Kopo la kushoto!" "Kumi na tatu!" na themanini wanajibu, "Mjomba!" Mwalimu Eustace alitupokea kwa mikono miwili, "Karibu, mwalimu wangu, karibu sana, ona matunda yako," na akamwomba awasalimu watoto.

Isdori alisimama mbele. Alisema, "Watoto, kuna magunia matatu, la mahindi, la ulezi, na la mchanganyiko. Kila gunia lina kibandiko, na vibandiko vyote," na hakuwahi kumaliza, themanini wakapiga kelele, "Toboa mchanganyiko!" Alinyoosha mkono wakanyamaza. Akasema polepole, "Sijamaliza. Vibandiko vyote ni vya kweli. Utatoboa gunia lipi ujue kila moja lina nini?" Wakapiga kelele tena, kwa furaha, "Toboa mchanganyiko!" Alirudia mara ya tatu, vibandiko vyote ni vya kweli, vya kweli, na alikuwa anawatazama mmoja mmoja akitafuta hata uso mmoja uliosita. Kijana mwenye rula alimsaidia, akawaambia, "Kwa sauti zaidi!"

Tulitoka. Nyuma ya ukuta wa kituo kaka yangu aliinama akatapika. Nilidhani ni ugonjwa, nikamshika bega, akaniambia, "Wale watoto hawakuzaliwa hivyo, Adolfu. Mtu amekaa kitako akawafanya hivyo." Aliniuliza kama nina leso, akajifuta, na njiani kurudi Kasense, tulipofika kwenye kijito, alisema jambo ambalo sikulitegemea. Alisema, "Lile la karatasi ya tarehe nane, nilijua siku ileile, nilipoiona mezani kwa kamati. Mashine ya ofisini kwenu herufi yake ya k inaruka juu, na barua zako zote za Krismasi ulizonipigia chapa zina k hiyo." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwa miaka miwili yote. Akasema, "Nilikuwa nasubiri ufike mwenyewe." Sikuwa nimefika. Nililia pale kijitoni, mtu mzima mwenye watoto, naye alisimama kando, hakunibembeleza na hakuniacha. Desemba ile niliandika barua kwa mkono wangu kueleza taarifa ile ilivyoandikwa, nikatia saini, nikaipeleka ngazi tatu za juu. Kazi nilipoteza Februari. Majibu ya barua yalikuja mwaka jana, mstari mmoja, kwamba jalada halionekani.

Kuanzia Novemba 1996 marehemu alifundisha barazani kwake hapa Kasense, siku za Jumamosi, bure, mtu yeyote. Walikuja watoto, wakaja akina mama wanaopika pombe ya ulezi, wakaja vijana wa gereji, na asubuhi moja ya mwaka 1997 alikuja Kija, ametembea kutoka kwa mumewe na mtoto mgongoni, akabisha hodi, na alipokaribishwa akasema, "Mwalimu, nimesahau vitu vingi, lakini kufikiri sijasahau." Kaka yangu alianza naye upya, hesabu na Kiswahili na Kiingereza, mume akakasirika, kisha mume naye akaanza kuja, anakaa nje ya ukuta wa baraza anasikiliza na fimbo yake ya kuchungia, na mwisho akaingia. Kija leo anasoma kwa kujitegemea, yuko katika masomo ya kidato cha pili, na mtoto wake anaitwa Isdori. Wengine wanane wa Lwambi sitawadanganya, wawili ni marehemu, mmoja hajulikani aliko, na waliobaki wanalima vibarua katika mashamba ya watu.

Mwezi Januari 1999 sauti ya marehemu ilianza kukauka, tukadhani ni chaki na baridi, na mwezi Machi alipelekwa hospitali ya rufaa Mbeya ambako iligundulika ana kansa ya koo. Kufikia Mei hakuweza kusema kabisa, akaendelea na darasa la Jumamosi kwa kuandika kwenye kibao cha watoto, na walioshuhudia wanasema lilikuwa darasa kimya kupita yote na lenye kazi kupita yote.

Ijumaa, tarehe 2 Julai, Mwalimu Eustace alikuja kumjulia hali. Alileta machungwa. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasali sala ndefu yenye machozi, akasema, "Kaka Isdori, tusameheane, dunia ni njia," nasi tuliokuwa chumbani, Mungu atusamehe, tulianza kuguswa. Kisha aliinuka, akajipangusa magoti, akamwinamia sikio na kumuuliza, kwa sauti ambayo shemeji aliisikia vizuri, kama kuna daftari la pili. Alisema lile la kwanza watu wameshalizoea. Alisema kijitabu kipya kingebeba jina la marehemu, kwa heshima yake. Alisema neno hilo, marehemu, na mtu mwenyewe alikuwa hai anamtazama.

Isdori aliomba kibao. Aliandika, "Lipo. Halina majibu." Mwalimu Eustace akasema hilo si tatizo, majibu atayaweka yeye. Kaka yangu alifuta kibao kwa kiganja, akakilaza kifudifudi juu ya blanketi, akageukia ukutani, na hakugeuka mpaka mgeni alipoondoka. Machungwa tuliwapa nguruwe. Shemeji ndiye aliyeagiza.

Alifariki dunia Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, saa nne asubuhi, hapa nyumbani, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, wanafunzi wake wakiwa barazani. Hakuna aliyewaambia waondoke, na hawakuondoka.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia Mbeya na hapa Sumbawanga, ambao walimweleza ukweli wa ugonjwa wake bila kumzungusha, kwa Baba Paroko aliyemletea sakramenti kila Ijumaa, kwa majirani wa Kasense waliotuletea kuni, maji na unga tangu Machi bila kusubiri kuombwa, na kwa mzee Lutonja na wafugaji wenzake waliochimba kaburi jana kutwa katika ardhi ngumu ya kiangazi na kukataa kupokezana na mtu. Tunawashukuru walimu wenzake. Mmekuja wengi, mko zaidi ya arobaini, mmekaa safu nne, na nimekuwa nikiwatazama nikisoma. Mwezi Februari mwaka 1994 alihitaji mmoja.

Shada la maua lililoletwa na kituo cha tuisheni, lenye utepe unaomwita marehemu mwanzilishi, limewekwa kule nje karibu na baiskeli, mwenyewe atalichukua akiondoka. Daftari la pili marehemu alilirithisha kwa Kija mbele ya mashahidi wawili, na Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, baraza litakuwa wazi kama kawaida, na atakayefundisha ni yeye. Nami nitakuwa kwenye benchi, na umri wangu huu, miongoni mwa wanafunzi.

Kaka yangu Isdori, umechoka, sasa pumzika. Amani ya Bwana iwe yako. Haya tuliyokutendea ni yetu, hatutakuzika nayo.